Nchi Isiyosikia Ila

Ukikutana na mtu anayejigamba kwamba amefika Njema, usimuulize aliona nini huko. Muulize alijibu nini aliposalimiwa. Akibabaika, jua kweli amefika. Mimi sijafika wala sina hamu ya kufika. Haya nimeyapata kwa Sikudhani binti Mkwemba, mpimaji wa udongo, ambaye nimemjua tangu ana meno ya utoto na sijawahi kumshika uongo hata siku moja.

Njia aliyopita si kazi yetu. Alipanda, akashuka, akafika. Alikuwa na barua ya mwaliko yenye mhuri, na barua ilisema hivi: "Tunaomba mtaalamu mmoja aje aupime udongo wetu na kuthibitisha uzuri wake." Sikudhani ni mtu anayeipenda kazi yake kupita kiasi. Alipoona neno "aupime" akaanza kufunga mizigo, na maneno yaliyobaki hakuyatilia maanani. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na mwenyewe analikiri.

Mpakani alipokelewa na Karani Murua, mzee mpole, shati limenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo inakata, na mbele yake daftari kubwa kuliko meza iliyolibeba.

"Karibu, dada. Habari za utokako?"

"Nzuri, ila jua limenichoma njia nzima na maji yameniishia tangu..."

Karani aliandika "Nzuri", akakausha wino, akalifunga daftari. Sikudhani alikuwa bado hajafunga mdomo.

"Naomba maji ya kunywa, baba," alisema.

"Maji ya nini tena, dada? Si umesema ni nzuri?"

Ndipo alipoelezwa sheria kuu ya nchi ile. Katika Njema mtu akishajibu, amejibu. Neno la kwanza ndilo linaloandikwa, na yanayofuata hayana safu katika daftari. "Hasa kile kineno ulichotaka kukitumia," alisema Karani Murua, akakohoa badala ya kukitaja. "Kina maana mbili, na zote mbili hatuna haja nazo." Na kweli, ndugu zangu, fikirini wenyewe: ila ni isipokuwa, na ila ni kasoro. Wanjema walivifuta vyote viwili kwa mfuto mmoja, wakaona wamemaliza matatizo.

Naona mnacheka. Haya, jana mliposalimiwa mlijibuje? Mtu ana homa, nyumba imeungua, kaka yake yuko mochwari, ukimuuliza habari anakwambia nzuri, halafu ndiyo aanze kuhesabu maafa. Sisi na Wanjema adabu yetu ni moja. Tofauti ni kwamba sisi tunamngoja mtu amalize.

Maji alipewa baadaye, tena kwa ukarimu sana, baada ya kujifunza kuomba bila kulalamika.

Jambo la pili lililomshangaza ni weupe. Mawe yote ya kando ya barabara yalikuwa yamepakwa chokaa, jiwe kwa jiwe, nchi nzima. Mashina ya miti yamepakwa hadi kiunoni. Visima vimepakwa, vizingiti vimepakwa, makaburi usiseme. Kila shamba lilizungushiwa safu ya mawe meupe yaliyoitwa mawe ya Serikali, na kila alasiri wakaguzi walipita kuangalia kama kuna jiwe lililochubuka. Chokaa yenyewe ilijaa maghala ishirini, na Idara ya Chokaa ilikuwa na watumishi wengi kuliko hospitali zote za nchi zikijumlishwa. Lakini nyuma ya mawe yale, mashambani, mahindi yalikuwa yamedumaa yakaishia gotini, majani yamegeuka zambarau kama mdomo wa mtu aliyepigwa na baridi.

Siku ya pili alipelekwa kushuhudia kazi ya kitaalamu inayofanywa huko kabla ya kila msimu. Aliyeiongoza ni Bwana Shwari, Msalimiaji Mkuu wa Ardhi. Ningefurahi kuwaambia kwamba Bwana Shwari alikuwa katili, hadithi ingekuwa rahisi. Hakuwa katili. Alikuwa mtu wa watu, mwenye sauti ya kubembeleza, anayekumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Alisimama kwenye ukingo wa shamba, akavua kofia, akainama.

"Shamba, hujambo?"

Mwenye shamba haruhusiwi kujibu. Anayejibu ni karani, kwa niaba ya udongo, naye hujibu, "Sijambo." Inaandikwa. Halafu shamba hupewa zawadi ya salamu, yaani mfuko mmoja wa mbolea ya chumvichumvi, wa aina ile ile kwa kila shamba, liwe la mlimani au la bondeni, la kichanga au la mfinyanzi. Msimu wa kwanza mahindi yalipofifia, mifuko iliongezwa ikawa miwili. Msimu uliofuata ikawa mitatu.

"Na kama udongo una jambo, mheshimiwa?" aliuliza Sikudhani.

Bwana Shwari alimtazama kwa huruma ya kweli. "Dada yangu, uliwahi kumsikia nani akiulizwa hujambo akasema nina jambo? Hata kwenu hamna."

Sikudhani alitafuta mfano wa kwao, akaukosa.

Alipangiwa kufikia kwa mjane mmoja wa makamo, anayeishi na wajukuu wawili wa kike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mimi naitwa Afadhali, na usinicheke. Kabla yangu walizaliwa wawili wakafa. Mimi nilipozaliwa, baba akaenda kuniandikisha, karani akamuuliza habari za mtoto. Akasema, afadhali huyu, anapumua. Basi, neno la kwanza likawa jina. Nchi nzima hii, mimi ndiye niliyesajiliwa kwa nusu sentensi."

Alicheka mwenyewe, kisha akanyanyua mkono akakishusha kibuyu kilichoning'inia juu ya meko. Ndani mlikuwa na pishi mbili za mbegu ya mahindi. Ndizo zote. Majirani zake walikuwa wamekwisha kula mbegu zao tangu mwezi uliopita, na ghala la chakula la kijiji lilikuwa jeupe nje na tupu ndani.

"Mvua zimebaki siku tisa," alisema Bi. Afadhali. "Nikizila hizi, mimi na wajukuu tutashiba siku nne au tano. Nikizipanda zikaota kama zilivyoota msimu uliopita, sina za kula wala za kupanda tena, na hapo ndipo mwisho wetu. Wewe si mpimaji? Nipimie, mwanangu. Niambie nifanye nini."

Asubuhi Sikudhani aliingia shambani na kekee yake ya kuchimbulia. Alitembea kwa kukata kona huku na huku kama mlevi, maana ndivyo inavyotakiwa, usichukue sehemu moja tu ukaisingizia shamba zima. Alichimba mahali kumi na tano, kila shimo shibiri moja, akauchanganya udongo kwenye ndoo safi, akauanika kivulini. Kisha akauchovya katika maji safi ya kujazia betri, yale yasiyo na chumvi wala tindikali ya aina yoyote, akautuliza, akatia karatasi yake ya kupimia. Karatasi ikageuka rangi ya chungwa.

"Umechacha," alisema.

"Umechacha? Udongo unachacha?"

"Kama uji uliolala, mama. Uchachu ukizidi, mizizi inaungua ncha, na chakula kilichomo ardhini mahindi hayawezi kukichukua hata kikiwapo. Hiyo mbolea yenu ya mifuko si sumu. Kwa udongo mwingine ingefaa sana. Kwa huu, kila mfuko unaongeza uchachu. Wamekuwa wakimpa mgonjwa wa vidonda vya tumbo pilipili, na akilia wanamwongeza."

Bi. Afadhali aliinama akaushika ule udongo, akaunusa.

"Ungepanda muhogo," Sikudhani aliendelea. "Muhogo unavumilia uchachu."

"Muhogo ni marufuku. Nembo ya nchi ina hindi. Wanasema muhogo ni chakula cha nchi zenye..." Akakohoa. Mazoea yana tabu. "Lakini nikwambie jambo. Hii mbegu iliyo ndani ya kibuyu haikutoka shamba zima. Imetoka mstari mmoja tu, ule wa mwisho kabisa, kando ya mawe ya Serikali. Pale mahindi yalinipita kimo. Watu wanasema mahindi yanaona haya kudumaa mbele ya Serikali."

Sikudhani alisimama kama aliyechomwa mwiba. Akakimbilia ule mstari, akachimba, akauchovya udongo, akatia karatasi. Ikawa kijani. Alitazama mawe, na michirizi myeupe iliyoachwa na mvua za msimu uliopita kutoka kwenye mawe hadi ardhini, akapiga magoti pale pale akacheka na kulia kwa pamoja.

"Ni chokaa, Bi. Afadhali! Dawa ya uchachu ni chokaa. Nchi yenu nzima imejaa dawa, na mmeipaka mawe!"

Basi alikwenda barazani. Alikuwa ameshajifunza kukikwepa kile kineno, akajipanga kusema sentensi fupi zenye ukweli mbele na salamu nyuma. Mbele yake walikaa wajumbe kumi na wawili, Bwana Shwari katikati, na Karani Murua kando na daftari lake.

"Waheshimiwa, udongo wa shamba la Bi. Afadhali umechacha."

Watu kumi na wawili walikohoa. Baada ya kikohozi kupoa, mjumbe mmoja mwenye sauti nzito aliinua kidole.

"Hiyo karatasi iliyogeuka rangi. Kabla ya kuichovya, uliisalimu?"

"Karatasi haisalimiwi, mheshimiwa."

"Basi ndiyo sababu imekasirika."

Hoja hiyo ilipigiwa meza. Mjumbe mwingine, mwembamba, akataka kujua kama karatasi ilikuwa raia. Wa tatu alisema yeye hana tatizo na rangi ya chungwa kwa kuwa ni rangi ya furaha, na akapendekeza iandikwe kwamba udongo wa nchi ni wenye furaha. Walijadili hilo la furaha karibu saa nzima, jamani, kwa makini ya watu wanaotafuta haki. Mwishowe Bwana Shwari, kwa sauti yake ya kubembeleza, akamuuliza Sikudhani kama alipima mahali pengine.

"Nilipima kando ya mawe ya Serikali."

"Na huko udongo ukoje?"

"Huko ni mzuri," alisema Sikudhani, maana ndivyo ulivyokuwa, "na sababu yake ni..."

Daftari lilikwisha fungwa. Baraza zima lilisimama likapiga makofi. Sababu haikuwa na safu.

Azimio lilisomwa kabla ya chakula cha mchana, nami nalisema kama alivyolinakili: "Imethibitishwa na mtaalamu kwamba mahindi hustawi yakiwa karibu na Serikali. Kwa hiyo Serikali isogezwe karibu na mahindi." Kila shamba liwekewe jiwe jeupe kila baada ya hatua mbili, kuanzia mashamba ya makao makuu.

Sikudhani alimfuata Bwana Shwari hadi mlangoni. "Mheshimiwa, sihitaji mawe. Nipe madebe manane ya chokaa kwa shamba la yule mama. Madebe manane tu, kati ya maghala ishirini. Ichanganywe na udongo kabla ya mvua. Imechelewa, lakini itaiokoa mbegu yake."

"Chokaa ni ya kupendezesha," alisema Bwana Shwari. "Ukiifukia ardhini nani ataiona? Halafu watu watauliza, udongo una nini hata upakwe dawa? Tutawajibu nini, dada yangu?" Aliuliza kwa dhati. Alitaka kweli kusaidiwa jibu.

Bi. Afadhali aliposikia hayo hakulia. Alichukua kisu kilichokwisha makali na kipande cha bati, akajifunga kanga kiunoni. Adhuhuri, wakati ofisi zote za Njema zimelala usingizi wa baada ya chakula, alitoka akaanza kuparua mawe ya Serikali. Sikudhani alijaribu kumzuia kwa dakika moja hivi, kisha akatafuta bati lake. Waliparua siku tano, upande wa ndani wa mawe usioonekana barabarani, hadi vidole vikachubuka na chokaa ikawaingia kwenye michubuko. Walipata madebe matatu. Waliyachanganya na udongo kwa jembe pale pale, kama theluthi moja ya shamba, na karatasi ikaanza kuondoka kwenye chungwa kuelekea manjano. Siku hiyo, Sikudhani anasema, ndiyo siku pekee aliyomwona Bi. Afadhali akiimba.

Siku ya sita mkaguzi mmoja aliingia nyuma ya mawe kwenda haja, akakuta utupu wake. Si wa kwake, wa mawe.

Bi. Afadhali alikamatwa. Sikudhani alijitokeza akasema na mimi nilikuwapo, wakamwambia haiwezekani, mgeni ameandikwa "Nzuri" mpakani na hawezi kubadilika. Kosa lilikuwa kuyatia mawe ya Serikali kile kineno kisichotajwa. Adhabu yake ni kunyang'anywa shamba. Na mvua zilikuwa zimebaki siku mbili.

Jioni ya siku hiyo Karani Murua alikuja nyumbani kwa Bi. Afadhali, akakataa kukaa, akasimama mlangoni akigeuka geuka kuangalia njia.

"Kuna kifungu cha zamani," alisema. "Aliyechukua kitu kwa ajili ya mgonjwa si mwizi. Hakijafutwa, kimesahauliwa tu. Atakachotaka Bwana Shwari ni shahidi mmoja aseme kwamba mgonjwa yupo. Wewe, dada, umeupima huo udongo. Sema ni mgonjwa. Neno la kwanza, tafadhali. La pili nikitaka kuliandika mkono wenyewe unakataa, nimejaribu miaka thelathini."

Bi. Afadhali aliachiwa alale kwake, kwa kuwa Njema haina jela. Jela ingekuwa na maana mbaya. Alimkalisha Sikudhani kwenye kigoda, akamfundisha kama mtoto anayepelekwa chuoni.

"Nikikuuliza shamba likoje?"

"Mgonjwa."

"Tena. Shamba likoje?"

"Mgonjwa. Limechacha. Linakufa."

"Hapo sawa. Ubaya mbele, mwanangu. Adabu utaileta baadaye tukishapona."

Walirudia mara nyingi hata wajukuu wakaanza kuitikia wao. Kesho yake, njiani kwenda barazani, midomo ya Sikudhani ilikuwa ikitembea: mgonjwa, mgonjwa, mgonjwa.

Baraza lilijaa. Bwana Shwari ndiye aliyekuwa mlalamikaji na ndiye aliyekuwa hakimu, jambo lililookoa muda. Kifungu cha zamani kilisomwa. Watu wakanong'onezana, wengine, wenye mashamba ya zambarau kama la Bi. Afadhali, walisogea mbele. Karani Murua alichovya kalamu, akaishikilia juu ya karatasi, akamtazama Sikudhani kwa macho ya mtu anayemwombea mwenzake. Bi. Afadhali alisimama peke yake, mikono imefungwa vitambaa.

Bwana Shwari aliona jinsi shahidi anavyotetemeka. Akamhurumia. Aliinuka kitini, akavua kofia, akatabasamu, na badala ya kumuuliza kama hakimu, akamuuliza kama muungwana.

"Dada Sikudhani. Habari za tangu juzi? Na habari za shamba la Bi. Afadhali?"

"Nzuri, ila..."

Ndugu zangu, mimi simlaumu. Tangu akiwa mgongoni mwa mama yake alifundishwa hivyo, akachapwa siku alizosahau. Ulimi ulimtangulia. Anasema alilisikia lile neno likitoka mdomoni mwake, akajaribu kulirudisha kwa mkono, akapiga kelele: mgonjwa, linakufa, chokaa, chokaa! Yote hayo yalikuja baada ya jibu. Kalamu ya Karani Murua ilikaa juu ya karatasi muda mrefu kuliko siku zote, tone la wino likadondoka, halafu ikaandika ilivyozoea kuandika. Alilifunga daftari huku amegeuza uso ukutani.

"Tumefurahi sana kusikia," alisema Bwana Shwari, na alikuwa amefurahi.

Njiani kurudi Sikudhani hakuweza kuinua uso. "Nisamehe, mama. Nimekuua."

"Ulilelewa vizuri," alisema Bi. Afadhali. "Hiyo ndiyo shida yetu sote." Hakumshika mkono wala kumsukuma.

Shamba lilichukuliwa mchana ule ule. Kwa kuwa lilikuwa la kwanza kuthibitishwa na mtaalamu, lilifanywa shamba la mfano la nchi: mawe hayakuwekwa kila baada ya hatua mbili, yaliwekwa yakigusana, kutoka mpaka hadi mpaka, kama sakafu. Wakayapaka chokaa mkono wa kwanza, wa pili na wa tatu. Bwana Shwari akaja, akavua kofia, akauliza hujambo, akajibiwa.

Siku iliyofuata mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua nzuri, ya kutulia, ile ambayo mkulima huiomba. Sikudhani alitoka na karatasi yake akaichovya kwenye maji yaliyokuwa yakipenya katikati ya mawe. Ikawa kijani. Akasogea hatua kumi, akachovya tena. Kijani. Shamba zima lilikuwa linapona, vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza kulitibu kwa madebe manane, na hapakuwa na upenyo wa kuingiza hata kidole. Alisukuma jiwe moja kwa mabega yake yote, halikutikisika. Alikaa juu yake akalowa, akalia kwa sauti, na waliopita barabarani wakamuuliza habari.

Alirudi nyumbani kuaga. Bi. Afadhali alikuwa amewasha moto. Chungu kilikuwa juu ya mafiga, kibuyu kimelazwa kando, mdomo wazi, na wajukuu wamenawa mikono wanangoja. Alipakua mahindi yote, akayagawa mafungu manne yaliyolingana.

"Karibu, mwanangu, kaa ule. Safari ni ndefu."

"Siwezi, mama. Hii ni mbegu."

"Ilikuwa mbegu. Mbegu ni ile yenye mahali pa kwenda." Akamsogezea fungu lake. "Kula. Usinifanye nikubembeleze."

Akala. Yalikuwa laini, yameiva. Punje moja ilimponyoka mjukuu mdogo ikaanguka kwenye udongo wenye majimaji pale mlangoni. Bi. Afadhali aliiokota, akaipangusa kwa kanga, akaitia kinywani.